Msamaha wa Udi

Mnusaji alipanda ukuta wa chumba taratibu, miguu yake sita ya mpira ikishika rangi mpya bila kuiachia alama. Alikuwa mtambo mdogo, asiyezidi kuku mtetea, mwenye mkonga mwembamba mbele na taa tatu mgongoni: nyekundu, njano na kijani. Kila baada ya hatua mbili alisimama, akavuta hewa na kuipitisha kwenye vinyweleo vya kioo vilivyojaa ndani ya mkonga. Kila kinyweleo kilikuwa kimefundishwa harufu moja tu. Kimoja kilijua benzini, kingine mafuta ya kuyeyushia rangi, kingine fomaldehidi, ile sumu inayotoka kwenye gundi ya mbao za kubandika.

Jijini Tanga, mwaka 2094, hakuna aliyeruhusiwa kulala katika chumba kilichokarabatiwa mpaka Mnusaji akipitie. Kwanza chumba kilifungwa kwa muda wa saa kumi na mbili, mlango na dirisha vikapigwa lakiri, ili kila kinachotoka ukutani kijikusanye. Ukipima chumba kilichoachwa wazi unapima upepo wa mtaani, na huo hauna habari na wewe. Baada ya kufungwa ndipo Mnusaji aliingia. Taa ya kijani ikiwaka, mpimaji na mwenye nyumba waliweka madole gumba kwenye kibao, na hati ya pumzi ikatoka.

Mwantumu Mhina, mhandisi wa hewa wa jiji, alisimama mlangoni na kibao mkononi. Kazi kama hii kwa kawaida angemtuma fundi wa kituo chake, lakini leo alikuja mwenyewe. Chumba hiki alikuwa amekisubiri miaka mitatu na miezi miwili, kwa sababu nyumba ilikuwa ya Badru Kilua, na Mwantumu alitaka Badru Kilua aumie. Hakutaka aombe radhi. Hakutaka apigwe faini, maana faini angeilipa akaenda zake kunywa kahawa. Alitaka aumie mahali pasipofikiwa na dawa.

Sababu yake ilikuwa Hidaya, mdogo wake wa mwisho, binti wa maneno mengi na kicheko kingi, mwenye pumu ya utotoni ambayo kila mtu alikwisha kuisahau. Alipochumbiwa, kaka yao alitaka kumtukuza, akaiita kampuni ya Kuta Mpya ikarabati chumba ambamo bibi harusi angewekwa ndani siku ishirini na moja. Kuta Mpya ilikuwa mali ya Badru. Mitambo yake iliitwa michapakuta. Ilimeza makapi ya mkonge na gundi upande mmoja, ikatema ukuta mzima upande wa pili, na nakshi yoyote uliyoitaka. Kwa nusu siku chumba cha bibi yako kiligeuka ukumbi wa sultani.

Mnusaji alikipitia chumba cha Hidaya, taa ikawaka kijani. Hidaya akaingizwa ndani, dirisha likazibwa kwa pazia zito, udi ukafukizwa asubuhi na jioni, akasuguliwa singo, ule unga wa manukato, na kufundwa kama desturi inavyotaka. Siku ya nne alianza kukohoa. Wanawake wakasema ni moshi. Siku ya tisa macho yakawa mekundu, wakasema analilia kuondoka kwao. Siku ya kumi na sita alikutwa ameegemea ule ukuta wenye nakshi, mdomo wazi, na singo bado mbichi mikononi.

Daktari alisema mapafu yalikuwa yameunguzwa na fomaldehidi. Familia ikashtaki. Badru alikuja mahakamani na kanzu iliyonyooka kwa pasi, na hati ya pumzi ndani ya bahasha.

"Mheshimiwa, mimi ni fundi kuta, si mtu wa kompyuta," alimwambia hakimu. "Mashine ya serikali imesema hewa ni safi. Mnataka nibishane na serikali?"

Watu wakacheka kidogo, hakimu naye akatabasamu. Kesi ikaishia hapo. Mwantumu alikuwa amekaa safu ya pili, na alikijua kitu ambacho hakimu hakukijua: jinsi mashine ilivyodanganywa. Alikijua kwa sababu mlango wa kuidanganyia aliufungua yeye.

Mwaka wa kwanza wa Mnusaji, pwani nzima ilikuwa imemchukia. Moshi wa udi nao una fomaldehidi kidogo, na nyumba gani ya Tanga haifukizwi? Taa nyekundu ziliwaka mtaa kwa mtaa. Bibi wa watu aliyefukiza chumba cha wajukuu Ijumaa aliandikiwa karatasi ya kumhamisha kama mwenye kiwanda. Vijana wakawa wanampiga Mnusaji mawe. Mwantumu, wakati huo mhandisi mdogo mwenye huruma na haraka, alikusanya udi wa kila aina, akauchoma, akaupima, kisha akaandika kanuni: Mnusaji akinusa udi, na asamehe. Akadirie sehemu ya sumu iliyotoka kwenye udi, aitoe kwenye hesabu, ahukumu kilichobaki. Moshi wa udi huisha baada ya saa chache, alisema, haifai kuufungia mtu nyumba. Kanuni ikaitwa msamaha wa udi. Akapewa ngao na kupigwa picha na mkuu wa mkoa.

Ilichukua muda mfupi tu kwa Badru kuuona ule mwanya. Kadiri moshi ulivyokuwa mzito, ndivyo Mnusaji alivyosamehe zaidi. Basi kabla ya kila upimaji, mafundi wake waliingiza chumbani vyetezo vinne vya umeme vya kufukizia udi, wakavitega vijiwashe alfajiri. Gundi rahisi iliyotema sumu usiku na mchana, kwa miaka, ilijificha nyuma ya moshi wa saa mbili. Mteja alipoingia alisifu harufu nzuri.

Baada ya maziko Mwantumu alikwenda Ofisi ya Hewa, akataka kanuni ifutwe. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia kwamba nyumba elfu kumi na moja zimepita kwa msamaha huo, na haziwezi kufunguliwa tena kwa machozi ya mtu mmoja. Kulikuwa na njia moja ya kisheria. Kwenye hati palikuwa na sehemu inayoitwa pingamizi: mwenye nyumba akiandika kwamba anajua kitu ukutani mwake ambacho mashine haikukijua, hesabu ghafi hufunguliwa bila msamaha, na kila nyumba yenye ukuta wa aina hiyo hupimwa upya. Tatizo ni kwamba wenye nyumba hawajui kilichomo ukutani. Anayejua ni mjenzi, naye hawezi kuandika kwenye nyumba isiyo yake.

Mwantumu alitoka pale akiwa na wazo moja, akalilea kama mtoto. Angemsubiri mjenzi akarabati nyumba yake mwenyewe. Badru alikuwa na binti mmoja.

"Jamani, hicho kidude chenu kitamaliza lini?" Sauti ilitoka uani. Alikuwa Bi Kidawa, somo na kungwi wa bibi harusi, mwanamke wa miraba minne aliyekuwa akisimamia utwangaji wa singo. "Mwali anaingia adhuhuri. Mwali hasubiri kuku wa chuma."

"Karibu anamaliza, Bi Kidawa," Mwantumu alijibu.

Harufu ya udi ilikuwa imejaa chumbani mpaka ikawa na uzito. Alikuwa ameviona vyetezo mara tu alipokata lakiri, vinne, kimoja kila pembe. Hakutarajia. Alikuwa akihofia kwamba mtu akijijengea mwenyewe angetumia gundi nzuri, au walau asingejidanganya. Lakini mafundi walikuwa wamefanya kama walivyozoea, na bosi wao hakuwaza kuwazuia. Mazoea yana taabu. Mwantumu alitazama vile vyetezo akahisi furaha ambayo hakuionea haya.

Badru Kilua aliingia akifuta mikono kwa taulo. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwembamba, mwenye ndevu zilizotunzwa.

"Habari za asubuhi," Mwantumu alisema.

Badru alisita kidogo. Mwanamke wa umri ule alipaswa kumwamkia shikamoo, na wote wawili walijua. "Nzuri, mama injinia," alisema hatimaye. "Nimewahi kukuona mahali?"

"Labda."

"Sura si ngeni, jina ndilo linanipotea. Mambo ya harusi haya, kichwa chote kimejaa." Akapiga ukuta kofi la upole. "Unaona kazi? Nakshi hii nimeichagua mwenyewe. Kwa wateja huwa nachapa na kuondoka, lakini kwa mwanangu nilisimama hapa siku nzima."

Mnusaji alishuka ukutani, akatua sakafuni. Taa yake ikawaka kijani.

"Alhamdulillahi," Badru alisema.

Kwenye kibao zilitokea namba mbili. Ya kwanza, kubwa, ilisomwa na kila mtu: mikrogramu sabini na nne za fomaldehidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kikomo cha sheria kilikuwa mia moja. Ya pili ilikuwa ndogo, chini kabisa, na ilifunguka kwa dole la mhandisi tu. Ilisema mia nne na kumi na mbili.

Mwantumu aliitazama ile namba ndogo kama mtu anayesoma barua aliyoingoja. Kisha akaweka dole gumba lake kwenye nafasi ya mpimaji, akamgeuzia Badru kibao.

"Nimesaini. Imebaki wewe."

Badru alinyoosha dole.

"Kabla hujaweka," Mwantumu alisema, "gundi ya humu ni ipi?"

"Ile yetu ya siku zote. Kwa nini?"

"Ile mliyotumia Chumbageni, kwa kina Mhina? Kwenye chumba cha Hidaya?"

Dole lilisimama juu ya kibao. Badru alimtazama usoni, na safari hii jina likaja. Mwantumu aliona likija, akashukuru, maana lingemuudhi sana kama lisingekuja.

"Wewe ni dada yake," Badru alisema.

"Namba bila msamaha ni mia nne na kumi na mbili. Mwanao atakaa humu siku ishirini na moja, dirisha limezibwa. Wa kwetu alifika kumi na sita."

"Lakini wa kwenu alikuwa na pumu. Mimi mwenyewe nimeshinda humu juzi kutwa, sikukohoa."

"Basi weka dole."

Hakuweka. Alijikalia kwenye ukingo wa kitanda cha bibi harusi, kitanda cha samadari kilichopambwa tayari, na taulo likamwanguka.

"Futa saini yako," alisema kwa sauti ya chini. "Andika nyekundu. Nitabomoa chumba leo leo."

"Kwa nini? Mashine ya serikali imesema hewa ni safi," Mwantumu alisema. "Unataka nibishane na serikali?"

Maneno hayo aliyafanyia mazoezi miaka mitatu, akiosha vyombo, akisubiri lifti. Yalitoka matamu kuliko alivyofikiri. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Badru sasa alikuwa anaujua uchungu wake.

"Nitampeleka akakae kwa shangazi yake," Badru alisema.

"Nani aliyemkarabatia shangazi yake?"

Badru aliokota taulo sakafuni.

"Nimeangalia orodha yako. Shangazi yake, Ramadhani iliyopita, bure, sadaka. Mama yake mdogo, sebule na vyumba viwili. Na nyumba atakayoolewa, Raskazone, ghorofa nzima. Hiyo umeandika ni zawadi ya harusi." Mwantumu alijisikia akizungumza polepole, kama anayehesabu shanga. "Mwanao hana pa kulala Tanga hii ambapo hukumjengea. Na ukibomoa ukuta mmoja tu, sheria itamwita Mnusaji, na Mnusaji ataniita mimi. Njia ipo moja. Hapo chini pameandikwa pingamizi. Andika ulichotia ukutani na vyetezo ni vya nini. Andika kwa mkono wako."

"Nikiandika hayo nimekwisha. Nyumba elfu ngapi... Nitafungwa."

"Ndiyo."

"Una roho mbaya, mama."

"Nilikuwa na nzuri. Tuliizika Chumbageni."

"Baba?"

Salha, binti yake, alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani na nyingine kichwani, uso umepakwa liwa ya msandali. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mfupi, mwenye macho ya baba yake. Hata katika hali ile alikumbuka adabu.

"Shikamoo, dada," alimwambia Mwantumu.

"Marahaba."

"Baba, nimesikia. Andika tu."

Badru alimtazama binti yake. Halafu akatazama kibao. Ilikuwa zamu yake kusema jambo jepesi ambalo baba yeyote hulisema bila kufikiri, na hakulisema. Kwenye uso wake mtu angeweza kuyaona mambo yakipita moja baada ya jingine: kampuni, mafundi, seli, jina la ukoo, pengine madirisha yakiachwa wazi usiku, pengine daktari wa siri, pengine siku saba badala ya ishirini na moja. Alikuwa anatafuta mlango wa nyuma, na wakati anautafuta, binti yake alikuwa amesimama palepale anamwona akitafuta.

Mwantumu aliona uso wa Salha ukibadilika chini ya liwa. Haukulia. Ulijifunga tu, kama duka. Hapo ndipo kisasi kilipotimia, wala si kwenye karatasi, maana hakuna faini wala jela ambayo ingemrudishia Badru ule uso ulivyokuwa dakika moja kabla. Mwantumu aliujua ushindi alipouona. Alingoja utamu wake ushuke kifuani.

"Andika, baba," Salha alisema tena, taratibu zaidi, kama anamwambia mtu baki.

Badru akachukua kibao, akaandika. Aliandika muda mrefu, mistari minane, jina la gundi, kiasi chake, idadi ya vyetezo, nani alitoa amri. Akaweka dole. Papo hapo Mnusaji alizima taa ya kijani na kuwasha nyekundu. Kibao kikafungua ukurasa mpya wenye hesabu ghafi na maelezo ya kanuni iliyoficha ile hesabu, kama sheria ilivyotaka: nambari yake, tarehe yake, na aliyeiandika.

Badru alisoma. Kisha akasoma tena, kwa sauti.

"Mwandishi wa kanuni ya msamaha wa udi: Mwantumu Mhina." Akainua kichwa. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka kuliko hasira. "Kumbe ni wewe. Mimi nimepita mlangoni, mama, sikatai. Lakini mlango umejenga wewe, na ulijua tangu siku ile mahakamani. Mbona hukusimama ukasema?"

Mwantumu alikitazama kibao. Angesimama siku ile angesema nini? Kwamba mdogo wake alikufa kwa gundi ya Badru na huruma ya dada yake? Alikwenda kwa mkurugenzi faraghani, akalia faraghani, akakataliwa faraghani. Ndani ya miaka mitatu, nyumba nyingine mia sita na kitu za Kuta Mpya zilikuwa zimepita chini ya kanuni yake, naye alikuwa anaisubiri moja tu. Alimchukia Badru kwa bidii, kwa sababu chuki ile ilikuwa na mahali pa kwenda. Nyingine, ya kujichukia mwenyewe, haikuwa na mahali, isipokuwa nyumbani.

"Dada," Salha alisema. Alikuwa amekichukua kibao mkononi mwa baba yake, anakitazama. "Hili dole la kijani hapa juu ni lako?"

"Ni langu."

"Uliliweka kabla ya baba. Ulikuwa umeshaiona ile mia nne."

"Ndiyo."

"Kama baba angeweka la kwake," Salha aliuliza, "ungeniacha niingie humu?"

Mwantumu alifungua kinywa aseme hapana. Lilikuwa neno fupi, na alilihitaji kuliko kitu chochote duniani. Lakini miaka mitatu alikuwa amekitazama chumba hiki akilini kikiwa kimefungwa na mtu ndani yake, na kila mara alipofika hapo aligeuza macho akamwangalia Badru. Hakuwahi kuendelea mbele zaidi. Hakujua angefanya nini. Alitafuta jibu la kweli, na wakati analitafuta, Salha alikuwa amesimama mbele yake akimwona anatafuta.

Binti akatikisa kichwa polepole, kama aliyejibiwa. Akaweka kibao juu ya kitanda, akatoka.

Kutoka uani walimsikia akiomba viatu. Bi Kidawa alimwuliza viatu vya nini, mwali hatoki mchana, uso na liwa, watu watasema nini. Vinu vikaacha kutwanga. Lango likafunguka, na hakuna mwanamke aliyenyanyuka kumzuia.

Badru alikwenda dirishani, akang'oa lakiri, akasukuma pazia. Mwantumu akasogea, wakasimama wawili bega kwa bega bila kutazamana. Salha alikuwa amevuka barabara. Upande wa pili palikuwa na uwanja wa mpira, mchanga mtupu, jua limewaka. Alikwenda katikati yake, mbali na kila nyumba, akaketi chini.